Bunduki za Askari wa Mpakani: Kutoka Ngome ya Machakos hadi Moyale

Msomaji wa Muthetheni, ambaye leo hupanda gari kwenda mjini Machakos na kurejea kwake siku ile ile, yamkini hafikiri kwamba nchi aipitayo, pamoja na vilima na mashamba yake yote, ilihesabiwa wakati mmoja kuwa ukingo wa dola, mahali ambapo amri ya mtawala ilikoma na amri ya wenyeji ikaanza. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati yake mwaka 1888, ilifungua kituo Machakos mwaka 1889, ikakizungushia boma, ikaweka ndani yake askari waliotoka pwani, na tangu siku hiyo mpaka makao ya mkoa yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1899, habari za utawala wa bara ziliandikwa kutoka hapo. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya mabwana walioamuru katika boma lile, hususan John Ainsworth aliyelishika mwaka 1892. Machache sana yamesemwa juu ya kile kitu kilichofanya amri zao zisikilizwe, nacho ni bunduki iliyokuwa begani mwa askari wa kawaida. Na bunduki hiyo, akiitazama mtu kwa makini, humweleza habari ambayo barua za mabwana hao hazikupenda kuieleza waziwazi.

Bunduki haikuingia Ukambani pamoja na Kampuni. Misafara ya biashara ya pembe ilikuwa imekwisha kuzijua njia hizi, na mmisionari Ludwig Krapf, aliyefika mara ya kwanza mwaka 1849 na mara ya pili mwaka 1851, alikuja na yake. Kisa cha bunduki hiyo chastahili kusimuliwa. Mwaka 1851 alipokuwa safarini karibu na mto Tana pamoja na Kivoi wa Mwendwa, yule tajiri mashuhuri wa Wakamba, walivamiwa; Kivoi akauawa, na Krapf, aliyekiri kwamba alifyatua hewani kwa kuwa moyo wake haukumruhusu kumwaga damu ya mwanadamu, akakimbilia porini peke yake. Kiu ilipomzidi alifika mtoni akanywa, na kwa kuwa hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, aliijaza maji kasiba ya bunduki na ala ya darubini yake, akaziba mdomo wa kasiba kwa majani, akashika njia. Miiba ya vichaka ikayang'oa yale majani, na maji ya kasiba yakamwagika bila yeye kujua. Sijui kisa kingine cha historia yetu ambamo silaha ya moto ilitamaniwa zaidi kwa uwazi wake kuliko kwa baruti yake.

Silaha iliyoenea wakati huo ilikuwa gobori. Mwenye gobori alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia kitambaa, akatia risasi, akashindilia kwa mti, akaweka fataki penye chuchu, kisha akalenga. Na mvua ikinyesha katikati ya shughuli hiyo, kazi yote ilipotea. Mbele ya silaha ya namna hii mpiga upinde wa Kikamba hakuwa mnyonge hata kidogo. Mshale uliopakwa ivai, sumu ipikwayo mpaka ikawa nzito na nyeusi, hauna moshi wala kishindo, haumtangazi aliyeupiga, na hodari aweza kupiga mishale kadhaa kabla mwenye gobori hajaurudisha mti wa kushindilia mahali pake. Waliosema kwamba bunduki ilikuja ikaushinda upinde kwa siku moja hawakupata kusimama mbele ya upinde.

Kilichogeuza mizani ni kule kujaza bunduki kwa nyuma. Bunduki ya askari wa Kampuni aghalabu ilikuwa Snider, na nasaba yake yafaa kufahamika. Mwaka 1853 jeshi la Uingereza lilipokea bunduki ya Enfield, iliyokuwa ikijazwa kwa mdomo kama gobori, ila kasiba yake ilichorwa mifuo ndani ili risasi izunguke na kwenda mbali. Risasi na baruti yake vilifungwa katika karatasi iliyopakwa mafuta, na askari alipaswa kuirarua kwa meno. Huko Bara Hindi mwaka 1857 ikavuma habari kwamba mafuta yale yalikuwa ya ng'ombe na ya nguruwe. Wahindu wakachukizwa kwa la kwanza, Waislamu kwa la pili, na pamoja na sababu nyingine nyingi zilizokwisha kulimbikana ukazuka uasi mkubwa ulioutikisa ufalme. Uasi ulipozimwa Waingereza walijiwekea kanuni ambayo hawakuitangaza sana lakini waliishika kwa miaka mingi: askari wa nchi zilizotawaliwa asipewe kamwe silaha iliyo sawa na ya askari wa Kizungu. Huyu akipata mpya, yule arithi kuukuu.

Mwaka 1866 Enfield zile zile zilikatwa nyuma ya kasiba zikatiwa kifuniko cha chuma chenye bawaba upande wa kulia, kwa ufundi wa Jacob Snider, Mmarekani wa Philadelphia aliyefariki mwaka ule ule kabla hajafaidi matunda ya akili yake. Askari hufunua kifuniko, hutia kiasi kizima chenye ganda, baruti na risasi pamoja, hufunga, hufyatua. Kisha hufunua tena, huvuta nyuma, na kuipindua bunduki juu chini ili ganda tupu lidondoke. Kwa mkono uliozoea, mapigo kumi kwa dakika hayakuwa ajabu. Risasi yake ilikuwa na kipenyo cha inchi 0.577, yaani zaidi kidogo ya milimita 14, na jeraha lake lilikuwa baya kupita kiasi. Miaka mitano tu baadaye jeshi la Uingereza lilipata bunduki bora zaidi, na Snider zikaanza safari yake ya kushuka: kwanza kwa majeshi ya Bara Hindi, kisha kwa makampuni na polisi wa pembezoni. Kapteni Lugard, mtumishi wa Kampuni, alipokuwa Buganda mnamo Januari 1892, wakati wa mapigano ya Mengo, alizigawa zipatazo 500 kwa kundi la Waprotestanti, na ugawaji huo ulishiriki sana kuamua nani atakayeitawala nchi ile.

Wala tusidhani kwamba Ukambani peke yake ndiko kulikoletewa masazo. Kanada ilipoanzisha polisi wake wa kupanda farasi mwaka 1873 kwa ajili ya nyika za kaskazini-magharibi, vijana wapatao 300 walifunga safari ya magharibi mwaka 1874 wakiwa na Snider fupi za wapanda farasi mabegani mwao, wakati ambapo askari wa miguu wa Uingereza alikuwa amekwisha kuziacha. Baada ya miaka minne wakaanza kupewa Winchester za Kimarekani, zenye hazina ya risasi chini ya kasiba na wenzo wa kuzisukuma ndani. Nazo zikapendwa kwa wepesi wake juu ya farasi, zikalaumiwa kwa kuvunjika na kwa kutofika mbali. Basi kati ya mpanda farasi wa Kanada na askari wa boma la Machakos, ambao hakuna aliyejua habari za mwenzake, palikuwa na undugu wa kuvaa nguo iliyovuliwa na kaka mkubwa.

Bunduki iliyoifukuza Snider jeshini ni Martini-Henry, iliyopokewa mwaka 1871. Jina lake limechanganya mafundi wawili: Friedrich von Martini wa Uswisi aliyetunga mtambo, na Alexander Henry wa Edinburgh aliyechora mifuo ya kasiba. Chini ya mtambo kuna wenzo. Ukishushwa, kipande cha chuma huinama na kulitupa ganda tupu nje. Kiasi kipya hutiwa kwa kidole gumba. Wenzo ukipandishwa, bunduki imefungwa tayari kufyatuliwa. Ni mtambo mzuri, mchache wa vipande, na askari aliyefundishwa wiki chache aliweza kuutumia gizani. Walakini ulikuwa na ila zake. Ganda lake la kwanza lilikuwa la bati jembamba la shaba lililokunjwa, ambalo kasiba ikipata moto na masizi ya baruti hunata ndani, na askari hulazimika kulichokoa kwa kisu huku adui akimjia. Teke lake begani lilikuwa kali. Na baruti yake nyeusi ilitoa wingu jeupe lililomwambia kila mtu bonde zima mpigaji yuko wapi.

Wakati silaha hizi zikiingia kwa njia ya serikali, njia ya raia ilikuwa ikifungwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliofanywa kwa jina la kuukomesha utumwa, ulikataza kuingiza silaha bora katika sehemu yote ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, isipokuwa za serikali na za wageni wachache wenye vibali. Biashara iliyoachwa huru ilikuwa ya bunduki za kiberiti cha jiwe zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida. Kukomesha utumwa lilikuwa jambo jema, nami silipingi. Lakini ni dhahiri kwamba kalamu iliyoandika mkataba ule iliamua pia ni nani atakayebaki na gobori na ni nani atakayekuwa na Martini.

Sasa tuje kwenye habari za wanyama wa kupanda, kwani polisi wa mpakani katika nchi nyingi hufikiriwa juu ya farasi. Kwetu farasi hakufanikiwa. Mbung'o humwua, na maradhi ya farasi yaletwayo na visubi humwua upesi zaidi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wanyama wa jeshi waliangamia kwa maelfu katika nyika kati ya Kilimanjaro na Rufiji. Nyumbu alistahimili zaidi kidogo. Kaskazini, toka Isiolo kupita Wajir hadi mpaka wa Uhabeshi, mnyama aliyefaa alikuwa ngamia, aliyebeba maji, unga, risasi na, ikibidi, askari mwenyewe. Na hapa urefu wa bunduki ukawa jambo la maana. Martini ya askari wa miguu ilikuwa na urefu wa karibu sentimita 125. Mtu aliyekaa juu ya ngamia hawezi kuishika kwa raha, nayo hunasa miibani. Ndiyo sababu viwanda vilitengeneza bunduki fupi kwa wapanda wanyama, zilizotiwa katika ala ya ngozi kandokando ya tandiko. Fupi hizo zilikuwa nyepesi, na kwa hiyo teke lake likawa kali zaidi, hata risasi yake ikapunguzwa uzito. Waingereza walilimaliza suala hili mwaka 1903 kwa kutoa bunduki moja ya urefu wa kati, kama sentimita 113, kwa wote, wapandao na waendao kwa miguu.

Ukingo wa dola ulipohama kutoka Ukambani, ulihamia huko kaskazini. Mwaka 1905 serikali ilimweka Mgiriki mmoja, Philip Zaphiro, aliyekuwa katika msafara wa kupima mpaka wa 1902 na 1903, kuwa mkaguzi wa mpaka wa Uhabeshi, akiwa na kikosi kidogo na kituo huko Moyale. Alichokikuta ni kinyume cha hali ya Machakos. Uhabeshi haikufungwa na mkataba wa Brussels kama nchi nyingine. Mtawala wake, Menelik, alikuwa amenunua na kupokea bunduki kutoka Ufaransa, Italia na Urusi kwa miaka mingi (hata mshairi wa Kifaransa Arthur Rimbaud, aliyekwisha kuacha mashairi, alimpelekea shehena mwaka 1887, nayo ilikuwa ya bunduki za kizamani), na kwa silaha hizo aliwashinda Waitaliano huko Adwa tarehe 1 Machi 1896. Baada ya ushindi ule bunduki za Gras za Kifaransa zilizagaa hadi kwa wawindaji wa tembo na wezi wa mifugo waliovuka mpaka. Basi askari wa serikali alijikuta akipambana na mnyang'anyi aliyeshika silaha ya rika moja na yake.

Wengi huuliza kwa nini, katika hali hiyo, serikali haikufanya haraka kuwapa askari wake silaha mpya. Jibu la fedha linajulikana. Koloni halikuwa na mali. Jibu la pili lilikuwa hofu, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwezi Februari 1916 Waaulihan, ukoo wa Kisomali, wakiongozwa na Abdurrahman Mursal waliishambulia ngome ya Serenli katika mto Juba, wakamwua mkuu wake, Francis Elliott, pamoja na askari wake wengi, wakachukua bunduki na bombomu ya Maxim iliyokuwa ngomeni. Serikali, ambayo wakati huo mikono yake ilikuwa imejaa vita vya Wajerumani upande wa kusini, ilikaa zaidi ya mwaka mzima kabla haijarudi Serenli. Kwa mkuu wa polisi bunduki iliyopotea ilihesabiwa mara mbili: imepungua kwake, na imeongezeka kwa adui. Ndiyo maana vitabu vya maghala vya zamani ni vikali kuliko vitabu vya mahakama. Askari alihesabiwa risasi moja moja alipotoka, na aliporudi alitakiwa kuonyesha ama risasi ama ganda lake.

Hofu ile ile imo katika chuma cha bunduki yenyewe. Lee-Enfield, iliyoanza mwaka 1895 na kuwa silaha ya kudumu ya polisi wa Kenya, ina komeo la kuvuta, hazina ya risasi kumi, na baruti isiyo moshi. Risasi yake ni nyembamba, inchi 0.303, lakini huenda mbali na kwa nguvu. Lakini zile za miaka ya mwanzo zilikuwa na bamba dogo la chuma lililosukumwa kufunika hazina, ili askari atie risasi moja moja kwa mkono kama mwenye Martini, na zile kumi azihifadhi mpaka aamriwe. Mabwana wa vita waliona kwamba askari akiachiwa kumi atazimaliza zote kwa hamaki. Bunduki ya kisasa ikalazimishwa hivyo kuwa na adabu za bunduki ya zamani. Zaidi ya hayo Martini nyingi zilibadilishwa kasiba zikapiga risasi hiyo hiyo ya 0.303, hivyo askari akapata risasi mpya katika mtambo wa babu yake.

Upande wa Tanganyika Wajerumani walikuwa na ubahili wa namna hiyo hiyo, nao ukawagharimu. Vita vilipoanza mwaka 1914 kampuni nyingi za askari wao bado zilikuwa na Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11 na baruti nyeusi, ambayo moshi wake uliwafichua msituni. Huko Tanga, mwezi Novemba mwaka ule, Waingereza waliposhindwa na kurudi melini, waliacha ufuoni bunduki mpya 455, bombomu 16 na risasi 600,000. Na jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akawavika askari wake silaha kwa mali ya adui.

Turudi Ukambani. Muda si mrefu baada ya boma la Machakos kuacha kuwa boma la vita, wana wa nchi hii wakawa wao ndio wachukuao bunduki za serikali, na idadi yao katika jeshi la King's African Rifles (KAR) na katika polisi ikapita kadiri ya wingi wa kabila lao. Upande wa Mwala na Muthetheni, kama kwingineko wilayani, ni shida kuupata ukoo usiowahi kumtoa askari. Jambo hili lilidhihirisha thamani yake mwaka 1938. Serikali ilipoamua kupunguza mifugo kwa nguvu, ikakamata ng'ombe wapatao 2,500, maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, walikwenda kwa miguu hadi Nairobi wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa wakitaka kuonana na Gavana. Muindi Mbingu, aliyewaongoza, alihamishwa akapelekwa Lamu. Lakini mpango wenyewe ulilegezwa. Miongoni mwa yaliyowatia viongozi wahaka ni swali moja jepesi: askari wa Kikamba aliyeshika Lee-Enfield ya serikali angefanya nini akisikia kwamba ng'ombe wa baba yake wamo katika zizi la mnada?

Kanuni ya silaha duni ilionekana kwa uwazi wake wote wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Walinzi wa vijiji katika nchi ya Wakikuyu hawakupewa kwanza silaha ya moto, bali mikuki. Na serikali ilipowakubalia bunduki, wengi walipata Greener, bunduki ya kupiga marisau yenye mtambo ule ule wa Martini na pigo moja tu. Watengenezaji wake walikuwa na werevu wa ajabu: aina waliyoiunda kwa polisi wa Misri baada ya Vita vya Kwanza ilihitaji kiasi cha umbo la pekee kisichouzwa dukani, ili mwizi aliyeiiba apate gongo tu. Upande wa pili, wapiganaji wa msituni walijitengenezea zao kwa vipande vya bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa kuvuta. Nyingi zilipasuka mikononi mwa wenyewe. Ni vigumu kutoona kwamba fundi wa msituni na fundi wa kiwanda walikuwa wakishughulika na mkataba mmoja wa Brussels, huyu akiulinda, yule akiuvunja.

Kaskazini, polisi wa kikabila walioitwa Dubas, wenye kilemba chekundu na mavazi meupe, waliendelea kufuata nyayo za ngamia jangwani hadi mwisho wa ukoloni, bunduki ya 0.303 begani na mkanda wa risasi kifuani. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, na vita vya mashifta vikafuata hadi 1967, jeshi na polisi wakaingia taratibu katika silaha zijipigazo zenyewe. Lakini Lee-Enfield hazikutupwa. Zilishuka daraja moja zaidi, kama Snider zilivyoshuka kabla yake, zikakabidhiwa polisi wa akiba wa vijijini, wachungaji wasiokuwa na mshahara waliolinda mifugo yao Turkana, Samburu na Marsabit. Na katika miaka ya karibuni wengi wao walikabili kwa bunduki hiyo ya komeo wezi wenye Kalashnikov, wakisubiri kuletewa risasi za 0.303 kutoka ghala la serikali lililo mbali.